4294967297 ni namba tasa au siyo?

BakiMoja: Wakuu, naomba msaada. Namba ni 4294967297, yaani 2^32 + 1. Haigawanyiki kwa 3, 5, 7, 11 wala 13. Jaribio la Fermat kwa kizio 2 (namba ikiwa n, unatafuta baki la 2^(n−1) ukigawa kwa n; n ikiwa tasa witiri lazima liwe 1) nimelifanya kwa mkono, baki ni 1, dalili ya tasa. Programu yangu ya lugha ya C inadai namba yenyewe ni 1, na nikitumia biti 64 jaribio linatoa 0. Nishike lipi?

Mzidishaji: C kwanza. `unsigned int` ya biti 32 inaishia 4294967295. Namba yako imepita hapo kwa 2, ndiyo maana inahesabu upya: 0, kisha 1. Kwenye biti 64 namba inaenea, tatizo ni kule kuzidisha. Ukipandisha 2 kwa kipeo cha pili mfululizo unapata 4, 16, 256, 65536, 4294967296. Hiyo ya mwisho ukiizidisha yenyewe ni 2^64, imezidi nafasi kwa 1 tu, basi inaandikwa 0 na inabaki 0 hadi mwisho. Hakuna onyo lolote. Tumia `unsigned __int128` (biti 128), au lugha ya Python: `pow(3, n-1, n)`.

KKS: Nakubaliana na Mzidishaji kutumia kizio 3, siyo 2. Kizio 2 hakifai kabisa kwa namba za aina hii: kwa mabaki ya kugawa kwa n, 2^32 ni sawa na −1, kipeo chake cha pili ni 1, na 1 haibadiliki tena. Utapata 1 iwe tasa au isiwe. Kwa kizio 3 baki ni 3029026160. Siyo tasa, na hilo limethibitika hata kabla hujaona kigawo kimoja.

Kigawo alikipata mwanahisabati Euler mwaka 1732: 641. Usijaribu kila namba witiri. Kigawo tasa chochote hapa lazima kiwe 128k + 1 (k ni namba nzima), kwa hiyo orodha ni 129, 257, 385, 513, 641. Tasa ni mbili tu, na 257 inabakiza 2.

Uthibitisho bila kugawanya: 641 = 5·2^7 + 1, hivyo kwa mabaki ya kugawa kwa 641, 5·2^7 ni sawa na −1, na 5^4·2^28 ni sawa na 1. Tena 641 = 5^4 + 2^4, hivyo badala ya 5^4 weka −2^4. Inakuwa −2^32 sawa na 1. Basi 641 inagawa 2^32 + 1. Nzuri sana hii.

BakiMoja: Ahsante mkuu. Na 6700417 inayopatikana ukigawa kwa 641?

KKS: Tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589. Vigawo vyake ni vigawo vya namba ya mwanzo pia, hivyo kwa kanuni ileile ya 128k + 1, ukiacha 257, za kujaribu ni 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki kwa mfuatano: 44, 120, 334, 622.