Mama ameombwa kuingia kwenye utafiti wa tiba ya glakoma: tuulize nini kabla ya kusaini?

Binti wa Machame

Wanajukwaa, habari za leo. Mama yangu ana glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho, na jicho lake la kushoto limekwisha kuathirika sana. Katika kituo cha utafiti anakotibiwa ameombwa ajiunge na jaribio la kitabibu ambamo baadhi ya wagonjwa watapigwa leza na wengine watapewa matone, na tumeelezwa kwamba atakayeamua si yeye wala daktari, bali kompyuta. Hapo ndipo tunapokwama. Inakuwaje bingwa wa macho aiachie mashine tiba ya mgonjwa wake? Akiangukia kwenye matone, atakuwa amepunjwa? Na akikataa, ataendelea kupokelewa kliniki kama kawaida? Mama ana pumu pia, ingawa haimsumbui mara kwa mara, na sikumbuki kama tuliitaja.

Muuguzi wa Macho

Dada, nianze na pumu, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Ikiwa matone hayo ni timololi, dawa hiyo haibaki jichoni tu. Hushuka kwa njia ya machozi hadi puani, ikaingia kwenye damu, na inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu au kupunguza mapigo ya moyo. Rudini mkaiseme kabla ya kutia saini popote, hata kama kwa kufanya hivyo mama ataonekana hafai kwa utafiti huo. Yale maswali marefu anayoulizwa mgonjwa kabla ya kuingizwa kwenye utafiti yamewekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Kuhusu kompyuta, daktari akichagua mwenyewe, hata kwa nia njema, anaweza kuwapeleka kwenye leza wale anaowaona wana nafuu, na mwisho wa utafiti asijue kama kilichosaidia ni leza au ni hali waliyokuja nayo. Kura hiyo inayopigwa na kompyuta, yaani kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, inahalalishwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba ubora wa tiba moja juu ya nyingine haujathibitishwa kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Mfano tunao hapa Moshi. Kuanzia Agosti 2015 hadi Mei 2017, hospitali ya rufaa ya KCMC iliandikisha wagonjwa 201 wenye glakoma, nusu wakapewa timololi na nusu leza iitwayo SLT. Baada ya mwaka mmoja, shinikizo la jicho lilikuwa limedhibitiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopata leza, na asilimia 31 tu ya yale yaliyopata matone. Hata hivyo, theluthi moja ya macho yaliyofanikiwa kwa leza yalihitaji kurudiwa, na karibu manne kati ya kumi hayakufanikiwa kabisa. Kwa hiyo muulizeni mtafiti wenu ni nini hasa ambacho bado hakijulikani, maana ikiwa swali lake limekwisha kujibiwa, sioni sababu ya mama kupigiwa kura.

Mzee wa Hoja

Namheshimu Muuguzi, lakini Waingereza walikwisha kuonyesha kwamba leza inafaa kama tiba ya kwanza. Kwa nini watu wetu wajaribiwe upya?

Muuguzi wa Macho

Mzee wangu, matokeo ya Uingereza yalichapishwa mwaka 2019, wakati wagonjwa wa Moshi walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Tena wale 718 wa Uingereza walikuwa wagonjwa wapya ambao glakoma yao haikuwa imefika mbali, au wenye shinikizo la juu tu, ilhali kwetu wengi hufika jicho moja likiwa karibu kupotea. Sikatai kwamba watu wetu wamewahi kutumiwa vibaya kwingineko, na ndiyo maana utafiti wa dawa nchini hupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), kamati ya maadili na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Namba za vibali huandikwa kwenye fomu ya ridhaa, nanyi mna haki ya kupewa nakala.

Kaka wa Himo

Niongeze la upande wa familia. Baba yangu aliwahi kushiriki utafiti wa macho, ambao sitautaja. Alihudumiwa vizuri, nauli ilirudishwa, lakini utafiti ulipofungwa tukajikuta tunajinunulia matone ambayo hatukuyapangia bajeti. Ulizeni leo nani atalipia dawa baada ya ziara ya mwisho, na jibu liwe kwenye maandishi. Vilevile mama ajue kwamba, akiwekwa kundi lolote, uoni uliokwisha kupotea haurudi. Tiba zote mbili hulinda kilichobaki. Baba yangu alitumaini zaidi ya hapo na hakuna aliyemsahihisha mapema.

Kukataa ni haki yake, na hata akikubali anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Mtu akimtisha juu ya hilo, kamati ya maadili ina namba ya simu kwenye fomu hiyohiyo.

Binti wa Machame

Asanteni sana. Pumu tumeitaja, na daktari amesema mama hawezi kuingizwa kwenye kura. Atashauriwa kupigwa leza nje ya utafiti. Nimebaki na swali moja: je, sisi watoto wake tupimwe?

Muuguzi wa Macho

Ndiyo, nyote, pamoja na ndugu zake wa tumbo moja. Msisubiri kuona ukungu, kwani glakoma ya aina hii haiumi, na huanza kula pembezoni mwa uoni.