Nimepata kazi ya kusaidia utafiti wa ndege Arabuko-Sokoke. Nijiandae vipi?

BintiShela
Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni wa Malindi, mtaa wa Shela. Nilimaliza diploma mwaka juzi na tangu hapo nauza mahamri na mama asubuhi. Wiki iliyopita nikapigiwa simu: kuna mwanafunzi wa uzamifu kutoka Uingereza anatafuta msaidizi wa miezi mitatu kuanzia Novemba, msitu wa Arabuko-Sokoke, pamoja na siku kadhaa kwenye hori ya Mida. Nikakubali palepale. Kufikiri ndiyo nimeanza sasa.

Ndege ninaowajua ni wa kila mtu: kunguru, kwarara, shakwe, na heroe wa pale mdomo wa Sabaki. Nimeambiwa kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri, kuna nyavu, kuna kuhesabu, na usiku mwingine kuna kutafuta bundi. Hapo kwenye bundi ndipo mama aliposhika kichwa. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa, sembuse mtoto wa kike kumfuata msituni usiku kwa miguu yake.

Naomba aliyewahi kuifanya kazi hii aniambie nibebe nini, nitarajie nini, na alfajiri nitaswali wapi. Na kuhusu mshahara nimeambiwa "tutaongea ukifika". Hiyo ni kawaida?

MzeeWaNyavu
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi niko Gede, mwaka wa kumi na nne huu nafunga na kufungua nyavu za watu. La mshahara nawaachia wenye ndimi kali, wapo humu.

Nianze na saa, maana hapo ndipo nilipoharibu. Wiki yangu ya kwanza nilijaza daftari zima kwa saa zetu. Shore saa 12:20, chozi saa 1:05, na kadhalika. Mtafiti akayaingiza kwenye kompyuta kama yalivyo. Ndege wangu wa alfajiri wakageuka wa adhuhuri, na yule chozi wa saa moja asubuhi akawa ameonekana saa saba za usiku akinyonya maua. Jioni akaniuliza kwa upole kama mimi huwa nalala. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa kubalianeni: daftarini ni 06:20, hata kama mdomoni ni saa kumi na mbili na ishirini.

Sasa nyavu. Wavu wenyewe ni mweusi, uzi wake mwembamba kama nywele, unasimamishwa kwa nguzo mbili na una matumbo manne au matano yaliyolegea. Ndege akiugonga anaporomokea tumboni, anatulia humo. Mnauzungukia kila dakika ishirini, jua likishakaza mnaufunga. Mvua ikianza mnaufunga hata kama hamjapata kitu.

Kumtoa ndege ndiyo kazi yenyewe. Usikimbilie mikono. Tazama kwanza ameingilia upande gani, maana atatokea hukohuko. Miguu kwanza, kwa kuwa ndiyo inayong'ang'ania uzi, kisha bawa, kisha kichwa. Mshike shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo umelala kiganjani. Kifua usikibane kamwe. Ndege hupumua kwa kunyanyua kifua kizima, ukikibana umemziba pumzi na huku unamwona mdomo wazi ukadhani ni hasira. Ukimaliza, mfuko wa kitambaa, fundo, twende mezani akapimwe bawa na uzito. Pete ya mguuni hutamvika wewe. Hiyo ina kibali chake kutoka Makumbusho ya Nairobi, na watu husota miaka kukipata. Mwezi wa kwanza utabeba mifuko na kuandika, wala usione unadharauliwa.

Siafu: tumbo la chini la wavu lisiguse majani. Siku moja nilikawia mzunguko kwa sababu ya chai. Nilichokikuta kwenye wavu sikukisimulia nyumbani.

Beba suruali nene na soksi ndefu za kuchomekea suruali ndani (kupe na upupu, zaidi upupu), tochi ya kichwa yenye betri za akiba, maji lita tatu, penseli badala ya kalamu kwa sababu ya unyevu, na hayo mahamri yenu. Manukato acha nyumbani. Kuhusu sala usihofu: nyavu zinafunguliwa kukianza kupambazuka, mkishafika mapema wakati unao. Tandika mswala kwenye njia ya mchanga, ila mulika kwanza.

Tena, mwambie mama bundi huyu mtakayemtafuta, bundi mdogo wa Sokoke, si yule wa paani. Uzito wake ni kama yai la kuku, haufiki gramu sitini. Anakaa vichakani kwenye udongo mwekundu, na nje ya huku kwetu mahali pengine anapojulikana vizuri ni Tanzania, kwenye misitu ya chini ya Usambara. Wanasayansi wenyewe walikuja kumwandika mwaka 1966 tu. Mchana dume na jike hulala tawi moja wamegusana mabega. Paa la mtu hana haja nalo. Cha kuogopa usiku ni tembo, na ndiyo maana hamtaingia bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mbele. Akisema simama, simama hata kama mguu mmoja uko hewani.

NahodhaMida
Mzee kamaliza msitu, mimi niongeze maji. Mida usiende kwa saa ya ukutani, nenda kwa mwezi. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na huku ndani ya hori huchelewa kidogo. Maji yakiwa makavu ndege wametawanyika kwenye tope lote, utawahesabu mpaka uchanganyikiwe. Ngoja yaanze kujaa. Yanawasukuma wenyewe hadi karibu na mikoko, vitwitwi, sululu, na wale weusi kwa weupe wenye mdomo mnene wanaokula kaa. Hao wa kaa uwatazame vizuri: huzaa kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni na Somalia, kisha wanakuja na watoto wakubwa kama wao ambao bado wanalilia kulishwa. Nina wanangu wa namna hiyo.

Kunasa hufanyika usiku wa giza maji yakijaa, kwa hiyo mwezi mwandamo. Viatu vya kufunga, siyo kandambili, tope la Mida linavua kandambili na halirudishi. Jioni Novemba geuza shingo kwenye mikoko uone keremkerem wekundu wanavyokuja kulala. Hiyo hawakulipi, ni yako.

DadaMkataba
Haya, wenye ndimi kali tumefika. Mdogo wangu, "tutaongea ukifika" ni kawaida, na ndiyo shida yake. Ukishafika umeshakodi chumba Gede, umeshaaga kwenu, utaongea nini?

Mimi miaka ya nyuma nilimfanyia mtu msimu mzima. Simtaji. Mwezi wa mwisho akasema pesa zitatumwa akifika kwao. Zilifika nusu, na barua ndefu ya shukrani.

Mwandikie sasa hivi, kwa adabu, umuulize malipo ni ya siku au ya mwezi, siku ya mapumziko ni ipi, na nauli ya asubuhi ni ya nani, maana saa kumi na moja hakuna matatu. Ukiumwa na nyoka nani anakupeleka hospitali kwa gari gani? Mwombe nakala ya kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, na cha kuingia msituni. Mtafiti wa kweli anavyo na hakasiriki ukimwomba, kwa sababu yeye mwenyewe kavitolea jasho. Halafu uulize jina lako litaandikwa wapi. Wengine wanakuweka kwenye shukrani mwishoni pamoja na mwenye duka la soda. Kama utakuwa umekusanya nusu ya data, uliza mapema. Kuuliza si ufidhuli.

BintiShela
Shukran sana, Mungu awalipe. Nimeandika barua, nimejibiwa leo. Malipo ni kwa siku, Jumapili mapumziko, pikipiki ya asubuhi ni yake. Vibali amenitumia bila kuombwa mara ya pili.

Mzee, shikamoo. Bado moja linanisumbua. Kwenye kuhesabu nimeambiwa nitasimama kituoni dakika kumi, niandike kila ndege ninayemwona au kumsikia. Nisipomsikia yeyote? Au nikimsikia nisimjue? Nahisi nitaonekana mjinga.

MzeeWaNyavu
Marahaba mwanangu. Hapo nikupe jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mwaka wangu wa tatu tulikuwa na vituo kumi kwa asubuhi moja, dakika kumi kila kimoja, baina ya kituo na kituo mita mia mbili za vichaka vyenye miiba. Nilikuwa peke yangu. Nilipofika kituo cha sita mvua ikashuka. Taratibu ilikuwa niandike "mvua" na niache. Nikasimama chini ya mrihi, nimeloa, nikajisemea ndege wa hapa ni walewale wa jana. Nikajaza ndege watano. Kituo cha saba nikajaza wanne ili visifanane. Nikarudi nyumbani mapema, nikala.

Nilichosahau ni kwamba karibu na kituo cha sita tulikuwa tumefunga kinasa sauti mtini, mimi mwenyewe ndiye niliyepanda kukifunga. Wiki mbili baadaye mtafiti akaniita, akanivisha vipokea sauti masikioni, hakusema neno. Nikasikia mvua. Dakika kumi za mvua tupu, huwezi kusikia hata mtu akikuita. Kisha akaniwekea karatasi yangu mbele na kidole chake juu ya ndege wangu watano.

Hakunifukuza. Alichofanya ni kutupa karatasi zangu zote za mwezi ule, hata za siku nilizofanya kwa haki, kwa sababu hakuweza tena kujua zipi ni zipi. Tulianza upya. Naye muda wake wa kurudi kwao ukawa umekaribia.

Kwa hiyo usipomsikia yeyote, andika sifuri na saa yake. Usiyemjua mwandike "simjui", eleza alivyolia, kama kufuli lenye kutu au kama mtu anayepiga mluzi, utamjua wiki ya pili. Kwera wa Kilifi aliandikwa na wanasayansi mwaka 1913, na kiota chake hakikujulikana mpaka 2013, kwenye kinamasi huko Dakatcha upande wa Marafa. Hiyo ni miaka mia ya watu kuandika kwamba kiota hawajakiona. Laiti mmoja wao angefanya kama mimi chini ya mrihi, akabuni kiota cha kumridhisha bwana wake, sijui leo tungekuwa tunatafuta wapi.

DadaMkataba
Mzee, na mimi nilikuwa nakuona mtakatifu.

MzeeWaNyavu
Nilikuwa na njaa, dada yangu.

BintiShela
Nimemwonyesha mama picha ya yule bundi mdogo. Ameshika simu muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akasema, "Mbona kanuna hivi, nani kamuudhi?" Halafu akaniuliza huko msituni tutakuwa watu wangapi kwa jumla. Nikamwambia wanne, na askari. Akahesabu mahamri kwa watano.