Gavana wa jana, Spika wa Seneti leo: kuna ubaya gani?

Mleta mada: Tangu Seneti ya Kenya irudi mwaka 2013, tumekuwa na Spika watatu. Ekwee Ethuro alitokea ubungeni, Turkana ya Kati. Kenneth Lusaka (2017) alitoka moja kwa moja ugavana wa Bungoma, na Amason Kingi (2022) alitoka Kilifi baada ya mihula miwili ya ugavana. Timothy Chokwe wa 1963 hadi 1966 namwacha kando, enzi zake hapakuwa na magavana. Sasa Seneti ndiyo inayokagua fedha za kaunti na kumhukumu gavana anayetimuliwa. Inakuwaje anayeongoza kesi ni mtu aliyekalia kiti kile kile jana? Napendekeza aliyekuwa gavana azuiwe kugombea uspika kwa miaka mitano.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unampa Spika nguvu asizo nazo. Soma Kifungu cha 122 cha Katiba: hana kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Bunge la kaunti likimtimua gavana, spika wake humwarifu Spika wa Seneti ndani ya siku 2, naye huitisha kikao ndani ya siku 7. Kama kesi itasikizwa na kamati ya maseneta 11 au na Seneti nzima, huamua ni maseneta wenyewe kwa hoja. Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi waling'olewa mwaka 2020, Lusaka akiwa kitini. Huko ndiko kulinda magavana?

Mleta mada: Umemruka Waiguru wa Kirinyaga, Juni mwaka huo huo. Kamati ilisema mashtaka hayakuthibitishwa, ikaishia hapo bila Seneti nzima kupiga kura.

Mchangiaji wa pili: Naye Mohamed Abdi wa Wajir alipitia kamati mwaka 2021 na bado akaondoka, kwa hiyo kamati si kichaka cha kujificha. Tena tusichanganye hesabu, maana kila mara watu huteleza hapa. Kwa gavana, kila kaunti kati ya 47 ina kura moja Seneti, na 24 zinatosha. Kwa Naibu Rais, kila seneta ana kura yake na inatakiwa theluthi mbili ya wote 67, yaani 45. Ndivyo ilivyokuwa kwa Gachagua Oktoba 2024. Siku chache kabla, kesi ya gavana wa Kericho ilikwama kwa pingamizi la awali: wawakilishi wadi 31 kati ya 47 walikuwa wamemkataa, lakini theluthi mbili ya 47 ni 31.33, na mtu hagawanyiki. Zilihitajika 32. Hapo hata Spika angekuwa malaika, kikokotoo ndicho kilichoamua.

Mchangiaji wa tatu: Nyote mnaangalia kesi, na nguvu ya Spika haiko huko. Iko Kifungu cha 110(3): kabla mswada haujajadiliwa, maspika wawili waamue kwa pamoja kama unagusa kaunti. Spika wa Seneti akilala, Bunge la Taifa linapitisha peke yake. Mwaka 2013 mswada wa kugawa mapato ulipelekwa kwa Rais bila Seneti kuridhia. Seneti ya Ethuro ikaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri, na mahakama ikasema ilipaswa kuhusishwa. Oktoba 2020, zamu ya Lusaka, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 kwa sababu hiyo hiyo. Mbunge wa zamani alipigana, gavana wa zamani akapigana.

Mimi kinachonitia shaka ni anakokwenda. Lusaka alitoka uspika mwaka 2022 akarudi kuwa gavana wa Bungoma. Spika anayetamani kura za kaunti kesho ana haja ya kuwa rafiki wa kila mtu leo. Zuio lako, mleta mada, halimgusi.

Mchangiaji wa kwanza: Na zuio lenyewe ni kubadilisha Kifungu cha 106, theluthi mbili katika mabunge yote mawili, na siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili. Rahisi zaidi ni Kanuni za Kudumu za Seneti: hesabu za fedha au gavana wa kaunti aliyoiongoza Spika wakifika Seneti, Naibu Spika akalie kiti.

Mleta mada: Naibu naye ni seneta wa chama. Umenitoa kwa fisi ukanipeleka kwa chui.