MJADALA: Je, ni haki kuipanua na kuifupisha The Wizard of Oz ya 1939 kwa akili mnemba?

Mkanda35
Wakuu, salaam. Tangu tarehe 28 Agosti 2025 ukumbi wa Sphere kule Las Vegas unaonyesha The Wizard of Oz, ile ya studio ya MGM iliyotokana na kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900. Ni hadithi ya Dorothy (Judy Garland), msichana wa Kansas anayebebwa na kimbunga hadi nchi ya Oz. Ila inayoonyeshwa si ileile. Ya awali ina kama dakika 102, hii inakaribia 75. Ya awali ina fremu ya kizamani, upana 1.37 kwa kimo 1. Hii imetandazwa kwenye skrini ya futi za mraba 160,000 inayomzunguka mtazamaji mpaka juu ya kichwa. Pembeni pote huko kumejazwa kwa akili mnemba, kazi ambayo Google ilishiriki, kwa ridhaa ya Warner Bros. wenye haki za filamu.

Wapo wanaosema ni kuichezea kazi ya marehemu, wapo wanaosema ni kuipa uhai. Mimi siipingi, mradi isibebe jina lile lile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Karibuni, ila hoja za "mimi naona tu" tuziache. Leteni namna filamu ilivyotengenezwa.

FundiTaa
Mkuu, tuanze na kilichokuwa nje ya fremu, maana ndicho kinachodaiwa "kufunuliwa". Hakikuwepo.

Chukua kimbunga. Arnold Gillespie, mkuu wa madoido ya MGM, alianza na koni ya mpira. Ikawa ngumu, haipindi, ikawekwa kando. Ya pili ilikuwa soksi ya kitambaa cha melimeli, urefu futi 35, imeshonwa ikisinyaa kuelekea chini. Juu ilining'inia kwenye kreni iliyotembea darini, chini ilifungwa kwenye kigari kilichopita katika mfereji uliopindapinda sakafuni. Juu ikienda mwendo wake na chini mwendo wake, soksi inajinyonga yenyewe. Kisha ikapulizwa unga mkavu wa udongo kwa hewa yenye shinikizo. Siri iko kwenye kitambaa: melimeli inavuja vumbi kidogo kidogo, hivyo ukingo wa kimbunga unakosa mstari mkali na unaonekana ni hewa. Mpira usingevuja. Mbele ya kamera kulikuwa na vioo vilivyobandikwa pamba ya kijivu, vikisogezwa polepole kuficha kreni.

Sasa panua fremu hiyo kwa uaminifu. Unapata kreni, reli, taa na mafundi. Kansas haipo.

Na mji wa zumaridi wa Oz kwa mbali? Ni mchoro wa chaki za rangi juu ya kadibodi nyeusi, upana kama futi nne, uliounganishwa na picha ya waigizaji ndani ya kamera. Ukingo wa kadibodi ndio ukingo wa mji.

Bi Rukia
Kaka FundiTaa, nakuheshimu kwa ufundi, lakini hapo umejijibu mwenyewe. Kama ndani ya fremu ni soksi na kadibodi, basi uongo umeongezewa uongo, kosa liko wapi? Nyumba inayoanguka kutoka mbinguni ni nyumba ndogo ya mfano, imedondoshwa kwenye sakafu iliyopakwa mawingu, halafu mkanda ukarudishwa kinyumenyume. Watu wale wangekuwa na kompyuta wangeitumia bila kuomba radhi.

Halafu mnaposema "kazi ya wenyewe", mwenyewe nani? Richard Thorpe alipiga picha wiki kama mbili akaondolewa. George Cukor akapita siku chache bila kupiga picha hata moja ya filamu, ila ndiye aliyemvua Judy Garland wigi la kimanjano na kumpunguzia vipodozi. Victor Fleming akafanya sehemu kubwa, naye akaitwa kwenye filamu nyingine. King Vidor akamalizia sehemu za Kansas, pamoja na wimbo wa upinde wa mvua ambao kila mtu anaujua. Wimbo huo nusura ukatwe baada ya maonyesho ya majaribio. Kipande cha wimbo na dansi kiitwacho "The Jitterbug", kilichokula wiki tano na dola 80,000, kilikatwa kweli. Studio ilikata yenyewe ilipotaka. Leo studio inakata tena, mnashtuka.

Na kitabu je? Kwa Baum viatu vya Dorothy ni vya fedha, na Oz ni nchi ya kweli. MGM wakavifanya vyekundu na safari yote wakaigeuza ndoto. Baum alishafariki 1919, hakuulizwa.

Mkanda35
Dada Rukia, hoja ya kitabu ina uzito. Ila kitabu kilikwenda kwenye chombo kingine. Msomaji anajua filamu si kurasa. Hapa ni filamu juu ya filamu.

FundiTaa
Bi Rukia, tofauti si uongo na ukweli. Kila uongo wa 1939 ulipimwa ukapatana na jirani yake.

Kamera ya Technikala, mfumo wa filamu za rangi wa wakati ule, ilikuwa na prizimu nyuma ya lenzi, ikigawa mwanga kwenye mikanda mitatu kwa mpigo, kila mmoja na rangi yake. Mwanga ukigawanywa unapungua, na mikanda yenyewe ilikuwa mizito kupokea mwanga. Ndiyo maana seti ilimulikwa hadi joto likapita nyuzi 38, na bado lenzi ilibidi ifunguliwe sana. Lenzi ikifunguliwa sana, kilicho mbali kinakuwa na ukungu. Ukiikuza picha hiyo kwa ukubwa wa jengo, uso wa mtu aliye nyuma ni doa. Akili mnemba haiusafishi uso huo, inauotea: inaweka macho na mikunjo kutokana na nyuso nyingine ilizofunzwa.

Rangi nazo zilipikwa kwa ajili ya mfumo ule. Viatu vimeshonewa vipande ving'aavyo kama 2,400 kila kimoja, na ukiviona makumbusho ni vyekundu vya kuiva, karibu na damu ya mzee. Wekundu mkali ungeelekea rangi ya chungwa kwenye mkanda. Blauzi ya Dorothy inayoonekana nyeupe ina waridi kidogo, kwa sababu nyeupe tupu ingewaka. Skrini ya balbu ndogondogo inatoa mwanga wake yenyewe. Ukiongeza mng'ao kiholela, hesabu yote hiyo inavurugika.

Na sasa mlango, ambao ndio kiini cha ugomvi wangu. Sehemu za Kansas ni za hudhurungi, Oz ni ya rangi. Dorothy anaufungua mlango wa nyumba ya hudhurungi na nje kila kitu ni cha rangi. Watu wengi hudhani mikanda miwili iliungwa. Hapana. Yote ni mkanda wa rangi. Ukuta wa ndani ulipakwa hudhurungi. Anayefungua mlango akitupa mgongo ni mbadala wake, Bobbie Koshay, kavaa gauni la hudhurungi. Anasogea kando, anatoka kwenye fremu, kamera inapita mlangoni, na Judy anaingia na gauni la buluu. Dorothy wawili, mmoja kushoto mmoja kulia, na kinachowatenganisha ni ukingo wa fremu. Ukingo ule ni sehemu ya mtambo. Ukiufungua, lazima uzushe kitu kingine cha kuficha ulichofungua.

Bi Rukia
Hapo kwa mlango nakubali ni kazi ya kutisha. Lakini Wamarekani wengi waliujuaje mlango huo? Kwa televisheni, tangu CBS ilipoirusha 1956, na nyumba nyingi zilikuwa na seti za nyeusi na nyeupe. Mlango unafunguliwa kutoka kijivu kwenda kijivu! Mwaka 1949 filamu ilipotolewa upya, sehemu za Kansas zilichapwa nyeusi na nyeupe, hudhurungi ikapotea hadi toleo la miaka hamsini, 1989. Mwaka 1955 ikakatwa juu na chini ili ifanane na skrini pana za mtindo. Filamu haikufa. Ilipendwa zaidi.

Shangazi Tatu
Wanangu, mnazungumza mbao na rangi, watu mmewasahau. Filamu hii iliumiza watu, na alama zimebaki kwenye mkanda.

Buddy Ebsen, aliyekuwa mtu wa bati, mmoja wa wenzake Dorothy safarini, alipakwa unga wa alumini, ukamwingia mapafuni akalazwa. Aliyemrithi, Jack Haley, akapakwa alumini iliyochanganywa kuwa marhamu, isiyopeperuka. Margaret Hamilton, yule mchawi, tarehe 23 Desemba 1938 alikuwa anatoweka kwa moshi na moto pale kijijini kwa Munchkin, watu wafupi wa Oz. Alipaswa kushuka kwa mlango wa sakafuni kabla moto haujawaka. Ukawaka mapema. Rangi yake ya kijani ilikuwa na shaba ndani, uso na mkono vikaungua, akakaa nje wiki sita. Kilichowekwa kwenye filamu ni kipande kilichopigwa mwanzo, na ukitazama kwa makini moshi unamtangulia: unapanda kabla hajafika mahali pake.

Mtu wa kompyuta akiona moshi umetangulia ataita dosari, ataisawazisha. Mimi naita ushahidi. Na tukiwa kwenye skrini pana, aliyetoka nje ya fremu itabidi aendelee kuonekana amesimama. Atasimama vipi? Nani kamwelekeza? Judy kafa 1969. Kumtembeza hatua asiyoitembea si sawa na kupanua ukuta.

WakiliMtaani
Swali la kisheria ni fupi kuliko mnavyodhani: mwenye haki ni Warner, anafanya atakalo. Lakini Marekani walishagombana juu ya jambo hili. Miaka ya 1980, filamu za zamani za nyeusi na nyeupe zilipoanza kutiwa rangi, Bunge lilipitisha sheria ya 1988 ya kuhifadhi filamu, ikaanzisha orodha ya taifa. The Wizard of Oz imo katika 25 za kwanza, 1989. Sheria ile ilitaka filamu ya orodha ikibadilishwa sana iwekewe tangazo la kumjulisha mtazamaji. Kipengele hicho kiliondolewa kwenye marekebisho ya 1992. Kwa hiyo, Mkanda35, unachokidai wewe kiliwahi kuwa sheria.

Mkanda35
Basi nakidai hichohicho, tena kwa maneno mahususi: tangazo liwe mwanzoni, litaje dakika zilizokatwa na vipande ambamo watu wameongezewa mwendo. Anayenunua tiketi aamue.

Bi Rukia
Tangazo sina tatizo nalo. Ila wengi wetu hatutafika Las Vegas. Tutaiona kwenye simu.

FundiTaa
Na simu nayo inakata, Bi Rukia. Nakala kamili kwenye skrini ya 16 kwa 9 lazima iwe na weusi kushoto na kulia. Ukiona imejaa skrini nzima bila watu kunenepa, ujue karibu robo ya kimo imetupwa, na kwa kawaida hukatwa juu na chini. Angalia mahali wanapoimba barabarani: miguu ikikosekana, tafuta nakala nyingine.