Sauti za marehemu wetu: mtunzi wa ng'ambo akiziomba, apewe?

MWENYE HOJA
Assalaam aleikum wajumbe. Swali langu ni hili: mtunzi wa muziki kutoka Ulaya akija Amu (Lamu), akaomba kanda za zamani za vave, zile nyimbo za wakulima, au za kasida ili azitie katika mchezo wake wa jukwaani, apewe au asipewe? Nyumba nyingi hapa zina kanda hizo, na nyingine ziko katika hifadhi za vyuo vya ng'ambo, ambako kuomba hakuhitaji hata kupanda mashua.

Mfano ninao. Heiner Goebbels ni Mjerumani aliyezaliwa 1952. Alisoma sosholojia na muziki Frankfurt, akawa katika bendi ya matarumbeta ya wanaharakati wa mrengo wa kushoto miaka ya 1970, kisha katika kundi la Cassiber kuanzia 1982 hadi 1992. Halafu akahamia jukwaani, ila usidhani ni opera ya mama mnene anayeimba akifa. Kwake taa, maji, kelele za mashine na maneno ya kitabuni vina haki sawa na mwimbaji. Mwaka 2007, Lausanne huko Uswisi, alionyesha Stifters Dinge: piano 5, madimbwi ya maji, mvua, ukungu, na hapana mwigizaji hata mmoja. Kuelekea mwisho piano zenyewe zinasogea juu ya maji kuwafuata watazamaji. Watu wa fani wamemtunza: alipata Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen 2012, na mwaka huo akaanza kuongoza tamasha la sanaa la Ruhrtriennale huko Ujerumani, hadi 2014.

Ndani ya Stifters Dinge, mahali ambapo mwigizaji angesimama, pana sauti zilizorekodiwa. Mojawapo ni ya watu wa Papua New Guinea wakiuita upepo, iliyorekodiwa na Rudolf Pöch wa Austria mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2021, Berlin, Goebbels akaenda mbali zaidi. Kazi yake A House of Call imejengwa juu ya sauti za hifadhini, na okestra nzima kazi yake ni kuzijibu. Zimo sauti za Namibia zilizorekodiwa 1931 na Hans Lichtenecker. Huyu bwana aliwafunika watu plasta usoni apate nakala za sura zao, akawarekodi kwenye silinda za nta, vyombo vya kurekodia vya zamani, akisema anahifadhi mbari zinazotoweka. Lugha zao hakuzijua. Miongo mingi baadaye sauti zilipofasiriwa, ikaonekana baadhi ya wale watu walikuwa wakilalamikia hayo hayo waliyokuwa wakitendewa. Alibeba mashtaka yao hadi kwao Ujerumani, asijue.

Msimamo wangu: kanda asipewe, ila aje afanye kazi na walio hai. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo. Mwaka 1993, Nanterre karibu na Paris, alitunga mchezo uliotumia shajara ya Joseph Conrad ya safari ya Kongo, na jukwaani akawaweka Boubakar Djebate na kora yake (kinubi cha Afrika Magharibi) na Sira Djebate akiimba, sambamba na mwigizaji Mfaransa. Hao waliweza kudai malipo, kubadilisha wimbo, hata kufunga virago wakaenda zao. Aliye kwenye silinda ya nta hana la kufanya.

MPIGA TWARI
Waaleikum salaam. Kwanza kasida na dhikri zitengwe na vave, msizitie kapu moja. Mtu alikuwa akimsalia Mtume, leo sauti yake ikatwe vipande, ipachikwe katikati ya ngurumo za mashine mbele ya watu waliokata tiketi? Hapana. Wala sitaki kusikia masharti.

KIJANA WA MALINDI
Ustadhi, kwa heshima zote. Hayo matari unayoyapiga nayo yalipingwa. Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha, alipoyapa nafasi katika Maulidi, wapo wakubwa wa Amu waliomkabili wakisema si ibada hiyo. Leo sisi wa Malindi tunapanda basi hadi Mokowe, kisha mashua, tuje tuyasikie Riyadha.

Na wewe Mwenye Hoja umeieleza A House of Call kana kwamba ni wizi tu. Mimi nimeisikiliza, ilitolewa kwenye albamu na kampuni ya muziki ya ECM 2022. Okestra haizifuniki zile sauti. Inangoja, inajibu, pengine inagombana nazo. Aliyeiongoza usiku ule wa Berlin ni Vimbayi Kaziboni, mzaliwa wa Zimbabwe. Watu wa Berlin walikaa kwenye viti vyao wakasikia sauti ya Mnamibia ambayo mjini mwao ilikuwa kabatini. Ungependa ibaki kabatini? Kabati nalo halikuomba ruhusa.

MZEE WA MKUNUMBI
Wanangu, nyote mwanena vyema, lakini vave hamuiyui. Vave si wimbo wa kuketi kwenye kiti. Ni kazi. Mumefyeka mwitu, umekauka, na kabula ya kuutia moto huketi usiku kucha mukaimba. Mtu moya huanza, wangine humjibu, hata kuche. Mumo mna dua, mna mizaha, mna majina ya nyama na miti. Ukitoa dakika tatu ukazipeleka Ulaya, umepeleka nini? Huyo Mdachi, yaani Mjerumani, naye aye shamba, akeshe, mbu wamle kidogo. Asubuhi nikiona hakulala, nitamwambia atwae atakacho.

KIJANA WA MALINDI
Mzee wangu, hiyo ndiyo ruhusa bora niliyoisikia humu.

BINTI LANGONI
Nimewasoma nyote na kuna jambo mnaliruka. Mnasema "kanda zetu", "marehemu wetu". Sisi akina nani? Siwa (baragumu kubwa) ya shaba ya Amu na ile ya pembe ya Pate hazikupulizwa ovyo. Zilikuwa na wenyewe, na aliyetaka ipulizwe kwenye arusi aliomba idhini. Utamaduni wa kuomba ruhusa tunao, hatuhitaji kufundishwa na mtu. Lakini siwa hizo hizo zilipulizwa kwa ajili ya waungwana. Bibi yangu mzaa bibi hakupuliziwa siwa, wala wajukuu wa watumwa wengine wa mtaa huu. Kwa hiyo Mdachi akija na karatasi yake, nani atatia sahihi? Wenye nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani? Na kama mwimbaji kwenye kanda alikuwa mtu wa shamba, mjukuu wa watumwa, ambaye jina lake aliyerekodi hakujisumbua kuliandika, ruhusa yake itatolewa na mjukuu wa bwana wake?

Tena mwanamke. Nyimbo za arusini za akina mama zilirekodiwa ndani ya nyumba, wanaume wakiwa nje. Hebu niambieni ni kamati gani ya wazee wa mji itakayotoa idhini hiyo.

MPIGA TWARI
Hapo umenena, dada. Kwa nyimbo za ndani mimi nasema hata sisi wanaume wa humu hatuna kauli.

MWENYE HOJA
Dada Binti Langoni amegusa mahali sheria inapovuja. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii iombwe idhini mapema na ielezwe inachokikubali, manufaa yagawanywe kwa haki, na kaunti iweke daftari la mali hizo. Kwa karatasi ni nzuri. Ila mwenye mali kwa sheria hiyo ni jamii, na jamii ya Amu ndiyo hii inayogombana hapa. Ndiyo maana narudi pale pale, kwa walio hai. Manju wa vave akisimama mwenyewe jukwaani hatuna haja ya kuuliza nani anamsemea. Kijana wa Malindi, Goebbels wa 1993 na Goebbels wa 2021 ni mtu mmoja, mwenye kipaji kile kile. Mimi namchukua yule wa kwanza.

KIJANA WA MALINDI
Na manju akiwa amekufa bila mwanafunzi? Kwa kanuni yako sauti yake imekufa mara mbili. Wale Wanamibia wangengoja mtu hai wa kuwasemea, malalamiko yao yasingesikika Berlin hata leo.

BINTI LANGONI
Yalisikika kwa sababu kwanza kuna aliyefasiri walichosema. Muziki ulikuja baadaye. Basi tuanze na hilo: kila kanda ya Amu isikilizwe hapa kwanza na wanaoijua lugha yake, jina la mwimbaji na mtaa wake yaingie katika daftari la kaunti, na ukoo wake utafutwe. Kanda isiyo na jina isitoke. Yenye jina, mwenye ukoo aamue, awe wa Mkomani, Langoni au shamba. Na ya akina mama tutaisikiliza wenyewe, mlango umefungwa.