Neoni tetra wanaisha mmoja mmoja: ni maji, joto au ugonjwa?

SebuleYaMaji:
Wakuu, salaam. Tangi langu la kioo ni sentimita 60 kwa 30 kwa 35, nipo Dar. Nililijaza maji ya kisima, nikatia dawa ya kuondoa klorini, kesho yake nikaweka neoni tetra 20 (wale samaki wadogo wa mapambo) kwa mkupuo. Filta ni sponji na pampu ya hewa. Maji yanaonekana safi kabisa, ila samaki wamepauka, wanahema juujuu, na kila siku wanakufa wawili watatu. Mchana kipimajoto kinasoma 30. Wawili wana alama nyeupe mgongoni. Huu ndio ule ugonjwa wa neoni? Dawa yake nini?

Kambale_Mkongwe:
Kabla ya dawa, pima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Maji kuwa maangavu hayakwambii chochote, amonia haionekani kwa macho. Tangi lako halijakomaa: sponji mpya haina bakteria wa kugeuza amonia kuwa naitraiti (nayo ni sumu), kisha naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina makali hayo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa, na wewe umewapa mzigo wa samaki 20 ndani ya siku moja.

Halafu kuna suala la pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (7 ni katikati, chini yake ni asidi). Baadhi ya maji ya visima yana chokaa, pH inaweza kugonga 8. Kwa joto la nyuzi 30, amonia ileile kwenye pH 8 ina makali karibu mara kumi kuliko kwenye pH 7. (Dawa ya klorini umeipoteza bure, kisima hakina klorini. Iweke akiba ya siku utakayotumia maji ya bomba.)

Leo hii badilisha nusu ya maji. Maji mapya yalale kwenye ndoo usiku mzima na jiwe la hewa (lile linalotoa viputo vya pampu), maana maji yanayotoka kisimani moja kwa moja mara nyingi yana oksijeni kidogo. Joto lake lisitofautiane na la tangi zaidi ya nyuzi 1 au 2. Usilishe siku mbili. Baada ya hapo pima kila siku, na amonia au naitraiti ikifika miligramu 0.5 kwa lita badilisha tena theluthi. Sponji usiioshe kwa sasa. Ikija kuziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini.

Mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa akikugawia sponji yake chafu, ipokee kwa mikono miwili. Inapunguza wiki kadhaa za kusubiri.

Bi_Tetra:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila hata tangi likikomaa, nyuzi 30 si za neoni. Huyo anataka 22 hadi 26. Kwa Dar ningechukua kadinali tetra, anayevumilia hadi 28 au 29. Utamtambua kwa mstari mwekundu: kwa kadinali unatoka kichwani hadi mkiani, kwa neoni unaanzia katikati ya mwili. Asili ya kadinali ni mito ya Rio Negro na Orinoco, maji laini (yenye madini machache) na yenye asidi, kwa hiyo kisima kitupu hakimfai. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, uliyokinga baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Usitumie ya mvua peke yake: hayana madini ya kushikilia pH, inaweza kuporomoka ghafla.

Tangi lako lina kama lita 50 za maji ukitoa changarawe. Samaki 10 hadi 12 wanatosha. Chini ya 6 wanajificha na kupauka, hutaona kundi likiogelea pamoja.

Kama hutaki habari ya mvua, geukia samaki wanaopenda maji magumu, yaani yenye madini mengi. Hao wa Ziwa Tanganyika wapo nyumbani kabisa kwenye pH 8 na zaidi, ila usiwachanganye na tetra.

FundiKioo:
Kuhusu alama nyeupe: ugonjwa wa neoni wenyewe, ule wa kimelea Pleistophora, huenda polepole. Rangi inafifia kipande kwa kipande, uti unapinda, samaki anajitenga na wenzake. Hauna tiba, mtoe mapema, na maiti isiachwe ikaliwa, ndiyo njia ya kuambukiza. Doa jeupe kama tandiko mgongoni au pamba mdomoni, na kifo ndani ya siku moja au mbili, hiyo zaidi ni kolumnarisi, bakteria. Joto linaichochea, kwa hiyo usipandishe hita. Watenge hao wawili kwenye ndoo yenye hewa.

SebuleYaMaji:
Asanteni sana. Na umeme ukikatika usiku kucha?

FundiKioo:
Wakiwa 12 humo wanaweza kuvuka usiku, kwa 20 na joto hilo usibahatishe. Nunua pampu ndogo ya betri, au teka maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu mara kwa mara. Na kama pampu yako imekaa chini ya usawa wa maji, weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa hewa, la sivyo umeme ukikatika maji yatateremka hadi ndani ya pampu na kwenye soketi.