Tupeane uzoefu: jua, mawe na bahari kwa siku moja. Nani alishazidiwa kisiwani?

Mkazi wa Tegeta: Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa Mbudya na familia. Tunasubiri boti ya kurudi Kunduchi, binti mmoja akaanguka chini ya mvinje, puu! Asubuhi nzima alikuwa majini na miwani na mrija anaangalia samaki, halafu wenzake wakamzungusha kisiwa kwa miguu saa saba mchana. Tulimmwagia maji, akazinduka. Toka jana picha haijanitoka, maana na mimi yalishanikuta Bongoyo. Nani mwingine?

Chuma cha Ubungo: Mawe ya Mbudya mchana yanaunguza hadi ndani ya kandambili. Volkano ile si mchezo.

Mzee wa Dau: Volkano ya wapi, mkuu? Mbudya ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Pale ni hifadhi ya bahari toka 1975, tusipotoshe watu.

Chuma cha Ubungo: Jiwe jeusi, lina ncha kama wembe, linaunguza. Wewe liite utakavyo.

Mama Wawili: Volkano yenyewe niliikanyaga Ngazidja, Komoro. Nilikwenda na mdogo wangu wa mwisho, mwezi wa kumi na moja, joto lile linalokukaba hata kivulini. Asubuhi tukaingia baharini upande wa kaskazini. Jamani, mwamba wa lava umeingia majini mweusi tii, samaki wa njano wanapita juu yake kama mtu kawamwaga. Tulielea kifudifudi karibu saa tatu nzima. Maji yanakupoza, husikii kiu, husikii jua, kumbe mgongo unaiva.

Tukatoka, tukala mkate, tukaenda kutembea ukingo wa Ziwa la Chumvi. Lile ni shimo la volkano limejaa maji, na bahari iko hapo hapo nyuma ya ukingo. Chupa yetu ilikuwa moja, ya nusu lita. Katikati ya njia mdogo wangu akaacha kuongea. Nikamshika mkono: mkavu, wa moto kama sufuria, jasho limekata. Akaniita kwa jina la marehemu mama. Hapo miguu yangu iliisha nguvu.

Nikapiga kelele "maji!" Kule wanasema madji, wakanielewa palepale. Akatoka bibi mmoja, uso umepakwa liwa, akafunua birika la maji ya mvua uani kwake. Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima, ule mwamba unayanywa maji yote, kwa hiyo kila kopo pale lina thamani. Bibi yule alichota kopo baada ya kopo, akammwagia kijana kichwani, kwapani, kifuani, na mjukuu wake anapepea kwa kawa. Hakuuliza sisi ni nani. Mdogo wangu alipofumbua macho, bibi akampaka liwa mashavuni yaliyoungua. Zahanati tulifika jioni. Mpaka leo nikiona kopo la bluu la plastiki machozi yananilenga.

Mkazi wa Tegeta: Dada, nimesoma nimesimama. Pole sana.

Binti Msasani: Mungu amlipe huyo bibi 😢

Kijana wa Mafia: Pole dada. Ila kwa nini mtu avuke hadi Komoro na Mafia ipo, matumbawe yamejaa?

Mama Wawili: Mafia nimeenda mara mbili, kaka. Haina mlima wa moto.

Mpanda Milima: Birika hizo zina historia. Karthala, volkano ya hapo Ngazidja, ilipolipuka 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika, watu wakakosa maji ya kunywa. Mlima wenyewe ni mita 2,361. Mimi niliupanda na lita tano mgongoni na zote ziliisha.

Chuma cha Ubungo: Dawa ni dafu tu. Madafu mawili kabla ya boti, umemaliza.

Nesi wa Mbagala: Dafu ni zuri, lakini mtu aliyechanganyikiwa usimpe kitu mdomoni, atapaliwa. Mpoze kwa maji, mpepee, mkimbize hospitali. Akiwa na fahamu zake: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Anywe kidogo kidogo.

Binti Msasani: Na ukikanyaga yule mdudu wa miiba myeusi? Mimi walinipaka utomvu wa papai bichi.

Mzee wa Dau: Papai ndiyo yenyewe.

Chuma cha Ubungo: Mafuta ya taa.

Nesi wa Mbagala: Mafuta ya taa hapana! Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, toa miiba inayoonekana, na uende zahanati.

Kijana wa Mafia: Dada, yule mdogo wako anaendeleaje sasa?

Mama Wawili: Mzima, alhamdulillahi. Anaogelea mpaka leo, ila na fulana ya mikono mirefu, na saa nne kamili namtoa majini mwenyewe.